Kazi ndiyo inayowaharibu, si wazazi wao

Bwana Mhariri,

Ninasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari ya juma lililopita juu ya semina ya maadili ya polisi imenikaa kooni. Ofisa mmoja alisema humo kwamba askari wanaodai matabishi, yaani hongo ndogo ndogo, ni vijana waliokosa malezi nyumbani, na mwandishi wako akayaandika bila kuuliza swali hata moja. Hapana. Nimemwona kijana aliyelelewa vizuri akiharibika mbele ya macho yangu, na kilichomharibu ni kazi yenyewe.

Alikuwa mpangaji wangu hapa Katuba, yeye na mke wake na mtoto mchanga. Alipotoka mafunzoni alikuwa na daftari la sheria, na jioni alitusomea uani ile sheria ya polisi ya Kongo ya tarehe 11 Agosti 2011, inayosema polisi ni huduma ya kiraia yenye kumsikiliza mwananchi. Aliiamini. Akapangwa kwenye rulaji, polisi wa barabarani. Mwanzoni alirudi na vumbi tu, na mke wake akaja kwangu kuomba unga wa bukari, yaani ugali. Mshahara ulichelewa, na ulipofika benki haukutosha hata kodi. Lakini si njaa iliyomgeuza, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kila jioni mkubwa wake alingoja kitu mkononi mwa kila askari aliyepewa njia panda. Asiyeleta aliondolewa barabarani, akatupwa kulinda geti usiku kucha. Wenzake wakamwita Padri. Waliovaa naye sare moja ndio waliomcheka! Pole pole akaanza kusema kwamba kila dereva ni mwongo, kwamba raia ukimsikiliza amekwisha kukushinda. Daftari sikuliona tena.

Kisha siku moja mwanangu, anayeendesha manseba, pikipiki ya kubeba abiria, akasimamishwa, karatasi zake zote zimekamilika. Aliyemsimamisha ni huyo huyo aliyekula bukari kwetu. Mwanangu akamwita yaya, yaani kaka mkubwa. Yeye akachomoa ufunguo wa pikipiki, akamjibu, "Hapa sina ndugu." Nilipofika kituoni hakuniangalia usoni. Nikalipa. Jioni akapita uani, akanisalimu "Mama, jambo," sauti ile ile ya siku zote, na naamini kwake hakukuwa na ubaya wowote. Alikuwa amejifunza kuwa mtu mmoja barabarani na mwingine nyumbani. Hilo linaniuma kuliko faranga zangu.

Tena si kwetu tu. Watafiti waliochunguza polisi wa barabarani wa Kinshasa walikuta kwamba makamanda huwapangia askari idadi ya madereva wa kuleta kituoni kila siku, na pesa inayopatikana kwa njia hiyo inapita mbali faini halali. Babu zetu waliyajua haya: askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, alitumwa kijijini kudai mpira, naye alipimwa kwa alichorudi nacho. Kijana akipimwa hivyo kila jioni, semina ya siku mbili itamsaidia nini?

Na usiku ndiyo balaa zaidi. Wezi wakivunja mlango katika mtaa wetu tunapiga filimbi na sufuria, kwa sababu ukipiga simu kituoni unaombwa mafuta ya gari. Taa za barabara zimekufa zamani. Wajane wanalala wamevaa nguo zao za mchana, tayari kukimbia. Hayo nayo hamuyaandiki.

Mimi naomba hivi. Kamanda mwenyewe asimame njia panda Ijumaa moja ya kila mwezi, tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, juani, kisha arudi nyumbani bila kudai kitu kwa mtu. Na Jumatatu, kwenye gwaride, wake za askari waitwe, na mkubwa atamke mbele yao kwamba hakuna atakayeulizwa pesa jioni. Wanawake hao watakumbuka, maana ndio wanaopika. Na wewe, Bwana Mhariri, usimtume tena mwandishi wako kwenye semina hotelini. Mtume kituoni saa kumi na mbili jioni, askari wanaporudi kutoa hesabu, aandike anachokiona.

Mama mwenye nyumba,
Katuba, Lubumbashi