Matangazo ya viwanja yataje upimaji umefikia wapi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie matangazo ya viwanja vya pembezoni mwa Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo, ambayo karibu yote husema kiwanja kimepimwa bila kueleza upimaji wenyewe umefikia hatua gani.

Mara nyingi mnunuzi huonyeshwa mchoro wa mipango miji akadhani ni ramani ya upimaji. Mchoro huo hupanga matumizi ya ardhi tu, yaani makazi yawe wapi, barabara ipite wapi, shule ijengwe wapi. Mpaka wa kiwanja hauwi na nguvu hadi mpima ardhi aliyesajiliwa apande bikoni, yaani vigingi vya zege vya kuonyesha kona za kiwanja, vipimo vyake viingizwe kwenye ramani ya upimaji, na ramani hiyo iidhinishwe kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Hata hapo mnunuzi hajamilikishwa. Umiliki huthibitishwa na hati, ambayo chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Leseni ya makazi ni haki ya muda mfupi kwa mkazi wa eneo lisilopimwa, na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu wameuziana, basi.

Anayetaka kununua aende kiwanjani na nakala ya ramani, afyeke majani kwenye kila kona na asome namba iliyoandikwa juu ya zege la bikoni. Namba isipolingana na ya ramani, asitoe hata malipo ya awali, hata muuzaji awe jamaa yake. Kiwanja kikiwa kando ya barabara kuu au ya mkoa, apime pia mita 30 kutoka katikati ya barabara, kwa sababu hiyo ni hifadhi ya barabara. Waliowahi kuamka wakakuta alama ya X ya kubomolewa ukutani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ninaliomba gazeti lako, ambalo nalo huchapisha matangazo haya, limtake kila mtangazaji ataje namba ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na asiyekuwa nayo aandike wazi kwamba anauza eneo ambalo halijapimwa.

Msomaji wenu,
Kibaha, Pwani