Zuhura, ule unga usimpe mama kwanza

Morogoro, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Shikamoo zangu zimfikie mama, na watoto uwabusu. Huku tu wazima. Miezi minne sikukuandikia, nisamehe, sababu nitakueleza tukionana, maana ile picha uliyonitumia jana imeninyima usingizi.

Ule unga ambao tangazo lake linasema ni wa "kufagia seli kongwe", yaani seli zilizozeeka zisizogawanyika tena. Nakuomba usimpe mama kwanza.

Seli kongwe zipo kweli. Tangu 1961, kule Philadelphia, Hayflick na Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabarani hugawanyika mara hamsini hivi, kisha zinakoma. Hazifi, zinakaa tu. Lakini tangazo linazifanya zote adui, na hilo ndilo linaloniudhi. Kukoma huko ni breki, Zuhura! Seli iliyoharibika, inayoelekea kuwa saratani, ikizeeka haizaliani tena. Na hainyamazi: inamwaga kemikali, interlukini 6 na nyinginezo, zinazowaita askari wa kinga waje kuiondoa. Mwaka 2007 watafiti huko Marekani waliiamsha upya jeni ya p53, ile inayozuia saratani, kwenye saratani ya ini ya panya. Seli za saratani zikazeeka, askari wakaja wakazimaliza, uvimbe ukatoweka. Ini, kiungo kilekile kinachomsumbua mama. Nilipoisoma habari hiyo nililia.

Ila wito huo ukidumu mno mambo hugeuka. Utafiti mwingine wa 2016, panya tena, ini tena: chembe changa za kinga zilizoitwa na seli kongwe zilikomaa zikawa makrofaji, yaani askari walaji wa kinga, zikazila seli hizo. Pale saratani ilipokwisha kushika, chembe hizohizo zilizuiwa zisikomae, zikabaki kuwafunga mikono askari wengine wa kinga ambao wangeiua saratani, na uvimbe ukakua. Wito ni uleule! Na kwa umri wa mama, kinga yenyewe imezeeka. Tezi ya thaimasi, inakokomaa sehemu ya askari hao, imeshanywea tangu ujana wake, kwa hiyo kuzisafisha seli kongwe kunakwenda polepole.

Sasa unga utajuaje mama yuko upande gani? Hata dawa nyingine za hospitali huzizeesha seli za saratani kwa makusudi ya kuzisimamisha. Halafu kila anachomeza kinapita kwenye ini hilohilo linaloumwa. Pakiti haionyeshi hata kilichomo ndani, nimeikuza picha mara tatu.

Najua umechoka. Najua pia Bi Mwajuma ndiye aliyekuletea, na nia yake ni njema, wala sitaki mkosane. Mwambie tu mnamsubiri daktari.

Je, ameshaanza kuunywa? Kama ameanza, ni vijiko vingapi, na macho yake hayajawa manjano? Daktari alisema uvimbe ni mmoja au zaidi? Kliniki ijayo ni lini, na nani atampeleka? Pakiti uende nayo, usiitupe. Nikipata ruhusa Ijumaa nakuja Tanga, kuna godoro hapo au nilale kwa Asha?

Nijibu usiku huuhuu, hata neno moja.

Wako,
Neema