Ringi za nguzo na nondo za juu za slabu

Kwako rafiki yangu Salum,

Salamu nyingi kwako na kwa familia. Umeniuliza kama kunenepesha nguzo kunatosha kulikinga na mlipuko jengo mnalolipanga kando ya barabara. Hakutoshi. Kinachoamua ni nondo: zimepita wapi na zimefungwaje.

Wimbi la mlipuko hupita kwa milisekunde chache. Kwa kasi hiyo zege na chuma huwa imara kuliko kawaida, ndiyo maana tukikokotoa kupinda, nguvu ya zege huzidishwa kwa 1.19 na ya nondo kwa 1.17. Ila kwenye mkato wa mshazari, yaani zege kukatika kwa ufa wa kukingama badala ya kupinda, kizidisho ni 1.00, hupati nyongeza yoyote. Basi nguzo yenye ringi chache (vyuma vyembamba vinavyozizunguka na kuzifunga nondo kuu) hukatika ghafla kabla hata haijapinda. Kwa nguzo ya milimita 400 kwa 400 yenye nondo za milimita 20, weka ringi kila milimita 100, na uziendeleze hadi ndani ya kiungo cha bimu, pale ambapo mafundi huziruka kwa sababu pamebana. Ncha zikunjwe digrii 135, ziingie kwenye kiini, yaani zege la katikati lililozungukwa na ringi. Ncha ya digrii 90 hufunguka mara tu kava (zege la nje linalofunika vyuma) ikibanduka, na nondo kuu hubaki bila kitu cha kuzishika.

Slabu, yaani bamba la zege la sakafu, inanitia hofu zaidi. Presha huingilia madirishani na kuisukuma slabu juu, ilhali katikati yake nondo zimelazwa upande wa chini tu, kwa ajili ya uzito. Upande wa juu hupasuka, na slabu ikirudi chini haina tena uwezo wa kujibeba. Ikianguka, nguzo iliyokuwa ikishikiliwa nayo hugeuka ndefu maradufu, nayo hupinda na kuanguka. Kwa hiyo suka nondo juu na chini, na zile za chini zipite ndani ya nguzo bila kukatwa.

Tazama jengo la Murrah la ghorofa 9, Oklahoma City, Marekani, lililolipuliwa kwa bomu la lori 19 Aprili 1995. Bimu kubwa ya ghorofa ya tatu ilibeba nguzo za juu ili nguzo za chini ziachane mara mbili zaidi. Nguzo chache za chini zilipoondoka, karibu nusu ya jengo ilishuka. Walikufa watu 168, wengi wao kwa kuangukiwa na jengo.

Kwenye mchoro wako nimeona bimu ya namna hiyohiyo juu ya mlango wa magari. Iondoe, tafadhali, nguzo zishuke moja kwa moja hadi kwenye msingi. Halafu sogeza maegesho mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu; balozi mpya za Marekani kwa kawaida hujengwa walau mita 30 kutoka barabarani. Nitumie na mchoro wa vioo, maana ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi mwaka 1998, vioo ndivyo vilivyopofusha watu wengi, hata kwenye majengo ambayo hayakuanguka.

Wako,
Idrisa