Ekstensheni yenye taa nyekundu siyo kinga ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu tunaotegemea kompyuta majumbani, maana yaliyonikuta sitaki yamkute mwingine.

Mi naishi Nyegezi hapa Mwanza, kazi yangu kuediti video za harusi, nafanyia chumbani kwangu. Mwezi wa nne jioni mvua ikaanza, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, uliporudi mara ya pili nikasikia paa! kwenye sipiyu na harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima. Fundi akaniambia pawa saplai imekufa na imeondoka na hadi diski, na humo ndo kulikuwa na sendofu nzima ya binti mmoja, sijaikopi popote. Nilipoenda kumwambia yeye na mama yake nilishindwa hata kuwaangalia usoni.

Kilichoniuma zaidi ni ile ekstensheni. Nililipa zaidi kwa sababu boksi limeandikwa inazuia umeme mkubwa, fundi akaifungua mbele yangu, ndani nyaya tu, swichi na kitaa chekundu basi. Akanionyesha ya kweli, ina kidude bapa cha duara kama pipi, umeme ukizidi chenyewe ndo kinaupokea usifike kwenye mashine, na hata hicho kinachoka kila kinapopigwa, kwa hiyo ekstensheni ya miaka mingi inaweza ikawasha vitu vizuri kabisa na kinga haimo tena. Halafu inataka nyumba iwe na ethi, yaani waya wa kushusha umeme ardhini, sasa nyumba ngapi za kupanga zina ethi ya kweli? Wengi wetu tunachomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi, tunaona tumemaliza.

Jamani tunaogopa umeme kukatika, ni kweli ukikatika unapoteza kazi ambayo hujasevu na hadi diski inaweza kuharibika ikiwa inaandika, ila kinachounguza vyombo mara nyingi ni ule unaorudi, mafriji na pampu za mtaa mzima zinawaka kwa pamoja, umeme wetu wa volti 230 unaruka juu na chini kabla haujatulia. Ndo maana kuna friji gadi, inasubiri dakika kadhaa kwanza ndo inaruhusu umeme. Friji tunainunulia gadi, kompyuta inayotulisha tunaiacha uchi! Kama huna hela ya gadi basi umeme ukikatika chomoa plagi, haina gharama.

Na dukani msikubali kuambiwa stabilaiza na UPS ni kitu kimoja. Stabilaiza inarekebisha umeme ukishuka au ukipanda, haina betri, umeme ukiondoka inazima na wewe. UPS ina betri, inakupa dakika chache za kusevu na kuzima vizuri, siyo za kumalizia mechi, na inaokoa hata pale Luku ya wapangaji wote inapoisha usiku wa manane. Betri yake inachoka, joto linaiua haraka, ijaribu mara moja moja kwa kuchomoa plagi ya ukutani uone kama inashika. Printa ya leza usiichomeke humo, ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi sana.

Radi ni habari nyingine, sisi wa ukanda wa ziwa tunazijua. Ikipiga karibu hakuna kifaa cha dukani cha kukupa uhakika, chomoa kila kitu wingu likiwa bado mbali, pamoja na waya wa intaneti na wa antena, siyo usubiri radi ziwe juu ya bati ndo ushike plagi.

Mhariri, naomba TBS, shirika letu la viwango, wapite madukani wafungue hizi ekstensheni kama fundi alivyonifungulia mimi, na wauzaji wamwambie mteja ukweli anachonunua. Mimi sasa kila harusi naikopi sehemu mbili usiku uleule kabla sijalala.

Yule binti tumemkusanyia vipande vya simu kutoka kwa wageni, vimepatikana vingi, ila pale mama yake alipomfunika kanga wakalia wote wawili bado hatujapata aliyerekodi, naendelea kuuliza.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza