Mabadiliko ya kikao cha Jumamosi
Ndugu wanachama, salaam.

Kwa kuwa mwenye ukumbi wa Kihesa amefiwa, tutakutana Gangilonga, nyumbani kwa mweka hazina, saa 9 alasiri. Tutatazama filamu ya The Act of Killing (2012), kuhusu mauaji ya Indonesia ya 1965–66, nami nawaomba msiinuke kabla majina ya mwisho hayajapita: wenyeji wengi walioitengeneza wameandikwa “Anonymous”, yaani asiyetajwa jina, kwa usalama wao. Hapo ndipo tutakapoanzia mjadala wa kuficha sura na sauti za mashahidi wetu, jambo ambalo, tuseme kweli, tumelizembea.

1. Mchango ni shilingi 3,000, wa projekta na chai.
2. Njooni na sweta. Baridi ya jioni mnaijua.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku.

Katibu