Jumamosi: kusafisha kompyuta za chumba

Habari za jioni wapendwa wa zamu,

Jumamosi tukutane chumba cha kompyuta, saa 3:00 hadi saa 5:00 asubuhi, kabla ya kufungua. Tunaondoa vitu vya watumiaji vilivyobaki kwenye mashine zote 8. Msimu huu wa maombi ya mikopo na ajira watu wanaacha vyeti na nakala za vitambulisho vya NIDA, na hilo ni hatari kwao.

Kila mashine:
1. Toka kwenye akaunti za WhatsApp, barua pepe na Chrome yenyewe. Kufunga dirisha hakutoshi. Hatua hii ianze, kwa sababu ukifuta manenosiri akaunti ikiwa bado imeunganishwa, yanaweza kufutika hadi kwenye simu ya mwenyewe.
2. Ndani ya Chrome bonyeza Ctrl+Shift+Delete kufungua sehemu ya kufuta historia na data, chagua muda wote, kisha futa. Ukiiacha kwenye "saa moja iliyopita", ya jana hayaguswi.
3. Folda za Downloads, Documents na Desktop: futa mafaili kwa Shift+Delete, kisha mwaga pipa la taka. Tafadhali, tusifungue faili la mtu kulisoma.

Kuanzia hapo kila mtumiaji afunguliwe dirisha la Mgeni (Guest) la Chrome. Likifungwa, historia na kuki hufutika, ila mafaili yaliyopakuliwa hubaki, kwa hiyo hatua ya 3 tutaifanya kila mtu anapoondoka.

Naomba ujibu NAKUJA kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Usiyeweza, taja atakayekushikia zamu. Asanteni sana.