Draiva huria au ya kampuni: barua kwa Hamisi

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku wazima.

Barua yako nimeisoma vizuri. Unataka kuhamia mfumo endeshi wa Linux kwenye kompyuta ya nyumbani, na unauliza utumie draiva huria (programu za kuendesha vifaa ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote) au zile zilizofungwa za kampuni. Umeuliza kana kwamba ni swali moja, kumbe kila kifaa kina jibu lake. Nitavipitia, ila kadi ya grafiki ndiyo itakayokula karatasi.

Kwanza nikutoe hofu. Sehemu kubwa ya mashine yako haina cha kuchagua. Diski, kibodi, bandari za USB, mtandao wa waya na mara nyingi hata sauti, draiva zake zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na kerneli ikisasishwa nazo zinasasishwa. Mtu aliyezoea kuwinda draiva kwenye tovuti za watengenezaji huona kama kuna kitu amesahau kufanya. Hujasahau kitu.

Sasa grafiki. Ungekuwa na Intel au AMD ningekwambia tumia huria, tukamaliza. AMD iliinunua ATI mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikaanza kutoa nyaraka za chipu zake ili watu waziandikie draiva. Draiva ya amdgpu iliingia kwenye kerneli mwaka 2015. Kinachonifurahisha zaidi ni RADV, draiva ya Vulkan (njia ambayo michezo huitumia kuongea na kadi ya grafiki) iliyomo kwenye Mesa, mradi wa draiva huria za grafiki. Haikuanzishwa na AMD. Waliianza watu wa nje mwaka 2016, kwa sababu AMD ilikuwa inachelewa kufungua ya kwake. Mwaka 2025 AMD yenyewe ikaiacha draiva yake ya AMDVLK na kuiunga mkono RADV. Wageni wamemshinda mwenye nyumba, naye amekubali.

Lakini wewe una GTX 1060 ya NVIDIA, na hapo ndipo penye kazi. Draiva huria ya kadi za NVIDIA, Nouveau, iliandikwa na watu waliokuwa wakichunguza kadi kutoka nje bila kupewa nyaraka. Walifika mbali. Kisha, kuanzia kadi za mfululizo wa GTX 900, chipu zikaanza kudai famwea, yaani ile programu ndogo inayoendeshwa ndani ya chipu, iwe na saini ya NVIDIA. Bila famwea hiyo Nouveau haiwezi kuipandisha kadi kasi, kwa hiyo inabaki kwenye mwendo wa chini iliyowaka nao. Kadi yako ya 2016 imo katika kundi hilo. Ukitumia Nouveau utapata picha, utaandika, utasoma, ila mchezo wowote mzito utakwama, na wa kulaumiwa si waandishi wa Nouveau. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, aliigeukia kamera akaionyesha NVIDIA kidole cha kati. Adabu haikuwepo, ila sababu ilikuwepo.

Utaniambia umesikia NVIDIA nayo imefungua msimbo. Kweli, Mei 2022 ilitoa moduli zake za kerneli, yaani vile vipande vya draiva vinavyopachikwa kwenye kerneli, ziwe huria, lakini ni kwa kadi za kizazi cha Turing, kilichokuja baada ya kadi yako, na kuendelea, zenye kichakataji maalumu ndani kiitwacho GSP. Mengi yaliyokuwa kwenye draiva yakahamishiwa kwenye famwea ya kichakataji hicho, na ile nusu ya juu ya draiva bado imefungwa. Nusu mkate ni mkate, sikatai, ila kadi yako haimo hata kwenye hiyo nusu.

Kwa hiyo kwako, kwa leo, weka draiva ya kampuni. Chukua toleo la 580, maana ndilo tawi la mwisho linalokubali kadi za umri wako. Matawi yanayofuata yameziacha. Hilo ndilo linalonifanya niegemee upande wa huria, Hamisi, kuliko hoja zote za uhuru unazozisikia. Kadi yako bado nzima, lakini uhai wake kwenye Linux uko mikononi mwa mtu mmoja aliyekwisha kutaja tarehe ya kuondoka. Wenye kadi za AMD za umri huohuo wanaendelea kupata maboresho, kwa sababu msimbo uko wazi na yeyote mwenye hamu anaweza kuushika.

Kuna usumbufu mwingine ujiandae nao. Kerneli haiahidi kwamba milango yake ya ndani, ambayo draiva huipitia kuongea nayo, itabaki ilivyo, na waandishi wake wamekataa makusudi kutoa ahadi hiyo. Draiva iliyo nje ya kerneli inabidi ijengwe upya kila kerneli mpya inapoingia. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo DKMS kimyakimya, mpaka siku ishindwe uwashe mashine ukute kioo cheusi. Kwa hiyo chagua Linux ya matoleo yanayohudumiwa kwa muda mrefu, na kerneli ya zamani usiifute. Kama Secure Boot, ule ulinzi unaokagua saini za programu mashine inapowaka, imewashwa, utaombwa pia kusajili ufunguo mara ya kwanza. Usiipite skrini hiyo kwa haraka, la sivyo moduli haitapakiwa.

Wi-Fi ni fupi. Angalia chipu, usiangalie jina kwenye boksi, maana adapta za USB za modeli ileile zinaweza kubadilishwa chipu kutoka toleo moja hadi jingine. Za Intel hazisumbui. Zinahitaji famwea iliyofungwa, kama AMD inavyohitaji pia, na wapo wanaokataa hata hiyo. Debian, mojawapo ya matoleo makubwa ya Linux, walibishana sana, wakapiga kura mwaka 2022, na Debian 12 ikatoka mwaka uliofuata ikiwa na famwea hizo ndani ya kisakinishi. Mimi nakubaliana nao: mtu asiye na mtandao hawezi kupakua kitu cha kumpa mtandao.

Printa, tafuta inayochapisha bila draiva kabisa, kwa viwango vya IPP Everywhere au AirPrint.

Sitaki udhani huria haina hasara. Mwaka 2024 Jukwaa la HDMI, wenye kusimamia kiwango hicho cha kuunganisha skrini, lilikataa ombi la AMD la kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva huria. Ukitaka picha ya 4K kwa kasi ya fremu 120 kwa sekunde bila kubanwa, unganisha kwa DisplayPort. Na kama kazi yako itakuwa CUDA, yaani kupiga mahesabu mazito kwa kadi za NVIDIA, usijidanganye, nunua NVIDIA mpya utumie draiva yao. Kwa mtu wa kuandika, filamu na michezo kama wewe, kadi ijayo iwe AMD au Intel.

Kabla hujanunua chochote, washa Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, fungua teminali, andika lspci -k na unitumie yote yatakayotoka. Nikiona chipu ya Wi-Fi nitakujibu kama ile adapta ya Wi-Fi uliyosema unataka kununua unaihitaji kweli.

Wako,
Idi